Wa Kazi Tu

Siku hiyo jengo moja lilikuwa na harusi mbili, moja ukumbi wa chini, nyingine ghorofani, na ngazi ya katikati imejaa watoto, masinia na mashangazi wanaotafuta pa kukaa. Mpiga picha mmoja mrefu, ambaye rafiki zake humwita Flashi, alikuwa amepiga goti ukumbi wa chini, anampiga picha bibi harusi kwa bidii zake zote. Msichana mwenye blauzi ya manjano, suruali ya mifuko mingi na utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni, akamgusa bega.

"Samahani, kaka. Wewe si wa harusi ya juu?"

"Mimi? Wa hii hii."

"Bwana harusi wako mnene au mwembamba?"

"Mwembamba."

"Basi hebu mtazame huyo."

Flashi akatazama. Yule bwana hakuwa mwembamba hata kwa kusingiziwa.

"Mama yangu! Nimekwisha!"

"Hujaisha. Panda ngazi upesi, mimi mwenyewe ndiye niliyepamba kule juu. Hawajaingia bado."

Jioni alirudi kumshukuru mpambaji huyo, kesho yake akampigia kumshukuru tena, na keshokutwa akampigia bila kuwa na la kushukuru. Wakapendana. Sina la kuongeza hapo. Wapo walioanza kwa mashairi wakaishia mahakamani.

Wakawa wanafanya kazi pamoja. Kila harusi ilipokaribia, waliingia kwenye kigari cha Flashi wakazungukia bustani na kanisa kutazama mwanga: jua litakuwa wapi, maua yakae wapi, bibi harusi asimame wapi. Lazima mtu asimame pale bibi harusi atakaposimama, na kila mara alisimama Mpambaji. Amesimama chini ya miti, kando ya vidimbwi, mbele ya altare. Lakini kwa shangazi wa Mpambaji, aliyemlea tangu utoto, Flashi hajakanyaga hata kibarazani.

Safari ninayoisema ilikuwa Alhamisi. Hawajatoka hata nje ya mji, Mpambaji akasema huku anatazama dirishani:

"Leo saa kumi wazee wanakuja kwa shangazi."

"Wazee gani?"

"Wa yule mfamasia anayeniposa. Shangazi ameniuliza awajibu nini. Nimemwambia nitampigia."

Sasa hapo, msomaji, mwanamume mwenye akili angesimamisha gari. Flashi alibadilisha gia.

"Akikuoa, mwambie kazi ya picha asimpe mtu mwingine."

Mpambaji akacheka, kicheko cha meno matupu. Flashi akaamini kweli amecheka. Alidhani jambo lenyewe limekwisha, kwamba huyo mfamasia alishakataliwa zamani na hii ni hadithi ya kufurahisha njia.

Bustani ya kwanza ilikuwa imetoka kukatwa nyasi, harufu yake mbichi imejaa kila mahali. Mpambaji akasimama kati ya safu mbili za maua meupe.

"Kidevu juu, malkia. Sogea kushoto. Haya, tabasamu."

"Nimtabasamie nani?"

"Bwana harusi."

"Yuko wapi?"

"Jifanye yupo."

"Nimechoka kujifanya, Flashi."

Akamletea maji ya kunywa. Alifikiri ni jua.

Bustani ya pili ilikuwa ya mawaridi, imejengwa kwa ngazi ngazi ubavuni mwa kilima. Mpambaji alipima upana wa njia kwa utepe wake, akanung'unika kwamba gauni litanasa kwenye miiba, akaandika vipimo kiganjani. Mara tatu alitoa simu, mara tatu akairudisha mfukoni. Flashi aliona. Akauliza kama betri imeisha.

Walifika kanisani saa kumi. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na mzee mtunza kanisa alikuwa anafuta mabenchi kwa kitambaa kibichi. Alipomwona Mpambaji amesimama mbele ya altare, na Flashi anamtazama vile alivyokuwa anamtazama, mzee akafurahi.

"Karibuni, wanangu! Nyinyi ndio maharusi wa Jumamosi?"

"Hapana, mzee," Flashi akajibu haraka, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha watu. "Sisi wa kazi tu."

Mpambaji akakunja utepe wake polepole, akamuaga mzee kwa adabu, akatoka.

Flashi alibaki anafungua stendi ya kamera, anaifunga, anaifungua. Alipochungulia dirishani akamwona amekwishavuka ua, anaelekea getini palipo na barabara ya magari ya abiria. Badala ya kumkimbilia akapiga simu. Ndivyo alivyo.

"Mpenzi, unakwenda wapi?"

"Mpenzi wa nani? Mimi wa kazi tu."

"Lilinitoka tu, jamani."

"Limetoka lilikokuwa. Niache, nampigia shangazi."

"Umjibu nini?"

"Kwani wewe unauliza kama nani?"

Kisha Flashi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya utani:

"Unajua ni maharusi wangapi wamenipigia baadaye, wananiomba nizifute picha zao? Wale wale niliowaona wanalia kwa furaha. Naogopa. Naogopa siku moja na sisi..."

"Na mimi naogopa! Mimi sikukuomba uhakika, Flashi. Nilikuomba useme." Akavuta pumzi. Alikuwa analia, na hakujificha. "Namba ya shangazi unayo. Ulimpigia siku nilipolazwa."

Akakata.

Flashi alitoka hadi kwenye ngazi za kanisa. Akatafuta namba, akapiga kabla miguu haijamshauri vingine.

"Shikamoo, shangazi. Mimi ni mpiga picha."

"Marahaba. Picha gani tena, mwanangu? Nina wageni."

"Nataka kumwoa binti yako," akanong'ona.

Upande wa pili kikombe kikagonga kisahani.

"Ngoja. Nimeiweka simu mezani, sauti juu kabisa. Hawa ni wazee wa watu, wamekuja kwangu kwa heshima zao. Siwezi kuwarudisha kwa maneno ya kunong'onezwa. Rudia."

Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo. Hapakuwa na kelele ya kujificha nyuma yake.

"Nataka kumwoa binti yako!" Flashi akapaza sauti. "Nampenda, shangazi! Nimechelewa, lakini nampenda!"

Mtunza kanisa akatoka na kitambaa chake mkononi. Waimbaji wakajazana mlangoni. Kwenye simu mzee mmoja akakohoa, akasema kwa utaratibu:

"Tumekusikia, kijana. Lakini mwenyewe anasemaje?"

Flashi akatazama getini. Gari la abiria lilikuwa limesimama, mlango wazi, kondakta anaita. Mpambaji alimpungia kondakta mkono kwamba aende, akarudi akikatiza ua taratibu, viatu vimejaa vumbi. Akaichukua simu mkononi mwa Flashi bila kumtazama usoni.

"Shikamooni, wazee wangu. Nisameheni sana. Ni huyu."

Kule sebuleni shangazi akawaongezea wageni chai, maana walikuwa wametoka mbali na kosa halikuwa lao.