Gari la Msaada Ambalo Hakuna Aliyeliita

Pampu ya maji ilikufa saa tatu asubuhi, kilomita mia moja na arobaini kaskazini ya kituo cha mwisho cha mafuta. Kwanza mlio mwembamba chini ya boneti, kisha mvuke, kisha ile harufu tamu ya maji ya rejeta yanayoungua. Lindsay Pascoe alizima injini, akaliacha gari lijisimamie lenyewe katikati ya njia nyekundu ya jangwani. Alikuwa fundi magari katika mji wa Port Pirie kwa miaka arobaini na mitatu. Humo garini alibeba spea za kila kitu isipokuwa hiyo pampu.

"Usihangaike, mzee," alisema mkewe Coralie, akijipepea kwa ramani. "Waite watu wa chama waje na gari la kuvuta. Si ndiyo maana tunawalipa?"

Lindsay alishuka, akaenda kufungua boneti.

Barua ya chama cha msaada wa barabarani ilikuja mwezi wa tisa, kama kila mwaka, ikitaka ada. Lindsay alipiga hesabu mezani: miaka kumi na tisa wamelipa, hawajawaita hata siku moja. Fundi mzima amlipe fundi mwenzake aje kumfungulia nati? Akaichana barua. Coralie alipomuuliza kama amelipa, alijibu, "Nimelipa," huku akipaka mkate siagi. Mwanamume wa miaka sitini na minane, na hakuona hata soni.

Simu hazikushika mtandao. Lakini saa nne vumbi lilitimka upande wa kaskazini, na greda la kuchonga barabara likaja likinguruma. Coralie alikuwa nyuma ya gari, akifunga turubai la kivuli. Dereva, mwanamke mwenye kofia pana, alichungulia dirishani bila kuzima mashine.

"Vipi, mzee? Mko salama?"

Watu wa nchi ile wana ugonjwa mmoja. Mkute kavunjika mguu, muulize hali, atakwambia hajambo.

"Salama kabisa," alisema Lindsay. "Injini inapoa tu."

"Maji mnayo?"

"Tele."

"Una uhakika? Mimi nashuka kusini, na wiki hii huku hapiti mtu."

"Dada, nimekula chumvi nyingi. Nenda zako."

Greda likaenda. Coralie akaja mbio, mikono imejaa vumbi. "Umemwambia?"

Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Greda lilikuwa bado linaonekana, na honi ya gari ilikuwa nzima. Badala yake alisema, "Nimempa namba yetu ya uanachama. Akipata mtandao atawapigia. Kesho asubuhi watakuwa hapa."

Alidhani atakuwa ametengeneza gari kabla ya hiyo kesho. Aliziba pampu kwa gundi na vipande vya mpira, akamimina maji ya kunywa kwenye rejeta, akaendesha taratibu. Kilomita mbili tu, mvuke. Akamimina tena. Coralie mwenyewe ndiye aliyemletea dumu la mwisho, akiliburuta kwa mikono miwili.

"Mimina tu. Kesho si wanakuja?"

Lindsay alilipokea. Maji yalipita kwenye pampu yakamwagika chini, na mchanga ukayanywa yote. Saa nane mchana injini ilikwama na haikuzunguka tena. Yalibaki maji ya kunywa chupa mbili za lita moja. Yale machache ya kijani yaliyosalia kwenye rejeta, yenye dawa ya kupozea injini, yalikuwa sumu.

Siku ya pili joto lilipita nyuzi arobaini na tano. Chuma cha gari hakikushikika. Nzi waliwaingia machoni na puani, na midomo ya Coralie ilipasuka ikatoa damu. Kila baada ya muda aliinuka chini ya turubai, akakinga macho na kutazama kusini. Lindsay alipompa zamu yake ya maji, aliisukuma chupa.

"Kunywa wewe unayefanya kazi. Mimi nasubiri gari tu."

Alikunywa. Kiu ilimshinda. Alikunywa maji ya mkewe, naye mkewe akimtazama kwa huruma.

Mchana ngozi ya Coralie ilikuwa kavu, ya moto, haina hata tone la jasho. Lindsay alijua maana yake.

"Wamechelewa hawa," Coralie alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Yule dereva ulimtajia njia gani?"

"Cora, sikumtajia njia yoyote."

"Nini?"

"Sikumpa namba. Hatuna namba. Sikulipa. Nilimwambia tuko salama akaenda zake."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale kwenye mchanga. Alingoja matusi. Aliyataka. Coralie aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hakuna anayejua tuko hapa?"

"Hakuna."

"Choma tairi."

"La spea?"

"La spea, na hayo manne mengine. Bado unayaonea huruma, Lindsay?"

Aliyafungua, akayavingirisha mbali na turubai, akayamwagia dizeli, akawasha. Moshi mweusi ulipanda wima, maana upepo ulikuwa umelala. Alimimina maji yote yaliyobaki kidogo kidogo mdomoni mwa mkewe, akalowesha kitambaa kwa matone ya mwisho na kumfuta shingo, akimwomba asilale. Hakujibiwa. Tairi la nne lilikuwa linawaka pale mchunga ng'ombe mmoja, aliyekuwa akikagua birika za kunyweshea mifugo, alipotokea na pikapu yake akikata moja kwa moja vichakani.

"Chama gani kinawajia?" aliuliza, wakimpakia Coralie.

"Hakuna chama," alisema Lindsay. Safari hii neno la kweli halikumshinda kutoka.

Zahanatini Coralie alitundikiwa dripu mbili, na asubuhi akafumbua macho. Lindsay alitoka nje penye mtandao, akapiga simu, akalipa ada ya watu wawili bila kuuliza bei. Aliandika namba mpya ya uanachama kiganjani, akaingia kumwonyesha.

"Vizuri," alisema Coralie, bila kuusogelea mkono.

Nesi alikuja na fomu. "Mama, mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na shida?"

"Jeanette. Dada yangu, yuko Whyalla."

Nesi alimtupia jicho Lindsay. "Si mumeo?"

"Andika Jeanette."

Akaanza kutaja namba, akafika katikati, akakwama. Kichwa kilikuwa bado kizito. Alijaribu tena, akakwama palepale. Nesi alingoja, kalamu mkononi.

Lindsay aliijua namba hiyo kwa moyo. Akammalizia.