Dawa Iliyofuata Njia ya Vumbi

Jirani zangu, nisikilizeni. Nitawapa habari ya nyumba moja ya hapa Likasi, nyumba ya watu wenye akili zao. Ingekuwa nyumba ya wapumbavu tungecheka kidogo, kisha kila mtu angeshika njia yake.

Ilikuwa Jumapili, katika miaka ile ambayo mshahara wa kiwanda cha shaba ulikuwa umegeuka hadithi. Mama Berthe alikuwa ametoka misa, bukari, ugali wa kwetu, iko tayari, samaki wa ziwa Tshangalele wanachemka na nyanya. Mumewe Casimir, aliyezeekea kwenye mashine ya kuvunja mawe ya shaba, aliketi barazani akimtania binti yao Chérie, mwenye mimba ya kwanza. Alisema mtoto akirithi miguu ya mume wa Chérie, Likasi nzima itakosa kiatu cha kumtosha. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaacha damu kwenye leso. Aliikunja upesi, lakini Berthe alikuwa ameshaiona.

Picha ya kifua ilipigwa, wakaenda Lubumbashi kwa uchunguzi, na neno likatoka: saratani ya pafu. Hospitalini dawa ya ugonjwa huo haikuwepo. Siku hizo hata pamba mgonjwa alikuja nayo. Mdogo wake Casimir, Georges, aliyekuwa Ubelgiji, akahangaika mpaka akaituma kwa mkono wa mtawa mmoja. Daktari Étienne wa hospitali ya Likasi akawaeleza: meza kidonge kizima na ganda lake kwa maji, siku nilizokuambia tu. Usikifungue. Mtu mwingine asiuguse unga wake, hasa mwanamke mwenye mimba. Homa ikikushika, njoo saa hiyo hiyo. Berthe alisikia kila neno kwa masikio yake. Lakini wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Casimir akaanza vizuri. Alimeza, akatapika, akameza tena, na kikohozi kiko pale pale. Asubuhi moja akamwita mkewe.

"Mama Chérie, ile vumbi ya kazi iliniingilia wapi?"

"Mu pua. Na mu kinywa."

"Ilienda mu tumbo?"

"Hapana, ilienda mu kifua."

"Bon. Sasa dawa ya kifua, juu ya nini tunaitupa mu tumbo? Itatoka tu ku choo! Dawa ifwate njia ya vumbi."

"Mais docteur alisema umeze nzima, tusiifungule."

"Docteur hakutumika kazi mu vumbi. Minye nilitumika."

Berthe akanyamaza. Nanyi mnaosikia msimcheke, maana maneno ya Casimir yalikuwa na sura ya kweli. Nani angembishia mtu juu ya kifua chake mwenyewe?

Basi wakachemsha majani ya mkalitusi, wakapasua vidonge, wakamwaga unga ndani ya sufuria, na mzee akajifunika blanketi akauvuta mvuke. Vidole vya Berthe vilikuwa vimevimba viungo, havikuweza kazi ile ndogo. Aliyepasua vidonge kwa kucha zake ni Chérie. Kila mara Berthe alilitazama tumbo la binti yake, neno la daktari likamjia mdomoni, akalimeza. Alijiambia ni unga kidogo tu.

Na kilichowadanganya zaidi ni hiki: Casimir alipata nafuu! Mvuke na majani vilimfungua pua, akalala usingizi mzuri. Jirani yao Marcelline akasifu, akasema mzee amewashinda madaktari.

Kisha Chérie akashikwa na maumivu ya tumbo. Walimpeleka hospitalini juu ya baiskeli, damu inatiririka, na mimba ikatoka. Daktari Étienne aliuliza alikuwa amegusa nini siku zile. Berthe akajibu kwamba ni unga wa vidonge, huku anaangalia sakafu. Casimir alikuwa amejikokota nyuma yao, ameegemea ukuta, anahema.

"Siwezi kuapa kama ni ile dawa, mimba inatokaka kwa mambo mingi," daktari alisema. "Lakini ile unga kazi yake ni kuua kile kinakua mbio mbio. Ugonjwa unakua mbio. Mutoto mu tumbo naye anakua mbio. Haichague."

Casimir akajikaza. "Docteur, unifasirie. Dawa ya tumbo inafikaka mu mapafu namna gani?"

"Mapafu haiko mufuko mutupu, papa. Ni vijumba vidogo vidogo vya hewa, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu. Damu yote ya mwili inapita pale kuchukua hewa, haipumzike. Dawa unameza inashuka mu tumbo, inaingia mu damu, na damu njo inaipeleka mpaka kule ndani. Mu mvuke haikufika kule, ilipotea tu."

"Kumbe njia ya tumbo njo ilikuwa njia," alisema Casimir, akaketi chini palepale sakafuni.

Akaanza tena kumeza vilivyosalia, vizima, kwa maji. Daktari hakuwahi kuahidi kwamba dawa ingemponya. Alisema ingeweza kumwongezea muda, na muda huo walikuwa wameuchemsha ukapanda darini na mvuke. Picha ya pili ilionyesha ugonjwa umevuka mpaka pafu la pili. Siku zake za mwisho Casimir alimwomba binti yake msamaha. Chérie alimshika mkono, lakini neno halikumtoka, na baba yake akafa hajalisikia.

Baada ya matanga Marcelline alikuja, mpole, amekaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Berthe, ile dawa ya Bulaya, kama ilibakia kidogo... Mutoto wangu anakohoa sana."

Vilikuwa vimebaki vichache ambavyo Casimir hakuwahi kuvimeza, juu ya kabati. Chérie aliacha kufagia, akamtazama mama yake.

"Hapana, dada," alisema Berthe. "Ile dawa haiko ya kikohozi, itamuua. Naipeleka kwa docteur. Na mutoto tumupeleke sasa hivi, minye na weye. Siku ile nilisikia, nikanyamaza. Leo sinyamaze."

Chérie akauweka ufagio, akaenda kumfungia mtoto wa Marcelline kitenge cha kutokea.

FUNZO

Jirani zangu, dawa kali ina amri zake, na kila amri ina sababu. Usifungue kidonge ulichoambiwa umeze kizima, usimpe mwenzako, na mwenye mimba asikisogelee. Usiposhika sababu, uliza, hata kama mstari wa wagonjwa umefika barabarani, kwa maana kuuliza si ujinga. Na wewe uliyesikia neno la daktari, usilimeze kwa heshima ya mtu. Berthe alimheshimu mumewe kwa kunyamaza, na heshima hiyo akaizika pamoja naye.