Mifuko Iliyobaki Juu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Chiriku alikuwa tayari yuko kivukoni. Jina hilo alipewa na abiria, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa nahodha wa boti iliyovusha watu na mizigo, na Chiriku alimsaidia kuwaelekeza wachukuzi.

Siku hiyo kulikuwa na mifuko ishirini ya saruji. "Yote ishuke chini, kwenye tumbo la boti," mama alisema, akaenda kukagua injini. Lakini kazi ilikwenda polepole, na Chiriku ndiye aliyetakiwa kuongoza gwaride asubuhi hiyo shuleni, ng'ambo.

"Iliyobaki iacheni hapo juu," aliwaambia wachukuzi. "Nahodha amesema."

Katikati ya maji, boti ilipokata kona, ililala ubavu. Haikuinuka upesi kama kawaida. Ilikawia, watu wakapiga mayowe. Nahodha alipunguza mwendo, akaunyoosha usukani taratibu, ikainuka. Lakini bibi mmoja muuza vikapu alikuwa ameanguka na kuvunjika mkono.

Ng'ambo, nahodha aliiona mifuko pale juu, akamgeukia baharia, msaidizi wake botini. "Baharia! Miaka tisa tuko pamoja, leo unataka kuniulia watu? Shuka!"

"Sijui nani kaiacha, nahodha," baharia alijibu kwa unyonge. "Ila kukagua ni kazi yangu." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Chiriku alimtazama akienda, kisha akakimbilia shuleni.

Gwarideni alikosea amri. Rafiki yake alipomwambia, "Poleni. Kumbe baharia wenu mzembe hivyo?" uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alipanda botini, akasimama mbele ya mama na abiria wote.

"Mama, saruji niliiacha mimi. Niliwadanganya wachukuzi kwamba wewe umesema."

Abiria wakatazamana. Nahodha akasema, "Tutakwenda kwa baharia pamoja."

Walimkuta baharia mlangoni akishona kiatu. Nahodha ndiye aliyetangulia kuomba radhi. "Nilikuhukumu kabla ya kuuliza, ndugu yangu. Rudi kazini." Chiriku alipiga magoti, machozi yakimtoka. Baharia akamwinua. "Inuka, mwanangu. Kesho tutakagua wote wawili."

Kutoka hapo walikwenda kwa bibi. Mwezi mzima baada ya siku hiyo, Chiriku alimbebea vikapu vyake mpaka sokoni, bila kuambiwa.

Jioni ile ile, njiani kurudi nyumbani, mama alimshika bega. "Mzigo ukiwa chini, boti ikilala huinuka upesi. Mzigo ukizidi juu, huivuta izidi kulala mpaka ipinduke. Maji hayaulizi nani kasema."

"Nimeelewa, mama."

"Bado. Kukosea kunampata yeyote. Ila ulipomwacha mwenzio abebe kosa lako, ulifanya kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Ukikosea tena, mwanangu, sema papo hapo, hata sauti ikitetemeka."