Mwenye Kiuno cha Ishirini na Saba

“Nani huyu? Nakuuliza wewe, nani huyu?”

Bi Pindo alikuwa amesimama katikati ya karakana ya makochi, kashika kikaratasi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Mbele yake fundi wa makochi, nyundo mkononi na misumari midogo mdomoni, alikuwa amekodoa macho. Akaitema misumari kiganjani, akasema maneno matatu ya kwao.

“Usinijibu kwa lugha yenu! Namba hazina lugha. Thelathini na sita, kifua. Ishirini na saba, kiuno. Thelathini na nane, nyonga. Nimepima wanawake miaka kumi na tisa, utanidanganya mimi?”

Yule bwana akakitazama kikaratasi, akamtazama yeye, akatabasamu. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

“Unacheka? Mimi kifua changu arobaini na mbili, na kiuno usiulize. Kwa hiyo si mimi! Na kitambaa umenichagulisha mimi! Mahameli ya kijani, kwa mkono wangu huu, kumbe ukamvishe kiuno cha nyigu wako!”

“Mwanangu,” ilisema sauti kutoka kochi la pembeni. Mama yake mdogo alikuwa ameketi pale, macho yote mawili yamefungwa bandeji. “Unamfokea mtu asiyejua hata kosa lake.”

“Atalijua tu!”

“Kwa lugha gani?”

Bi Pindo alikitupa kikaratasi mezani, akamshika mama mdogo mkono, wakapanda ngazi kwenda chumbani kwao. Fundi alibaki pale na misumari yake kiganjani.

Sasa kabla hamjamhukumu mtoto wa watu, msikilizeni kwanza. Walikuwa ugenini wiki ya tatu, mama mdogo katibiwa macho, wamepanga chumba juu ya karakana ile. Hospitali ilikuwa na mkalimani mmoja, bibi mpole, lakini kazi yake ilikuwa macho, moyo haukumhusu. Kwingine kote walikuwa mabubu.

Siku ya pili tu, Bi Pindo akishuka ngazi, alisikia cherehani ya chini inaruka mishono. Fundi nguo kusikia hivyo ni sawa na mama kusikia mtoto anakohoa. Akaingia bila hodi.

“Hebu toka hapo. Sindano umeiweka kinyume, baba.”

Fundi alijibu kitu kwa ukali. Bi Pindo akamsogeza kwa kiwiko, akaigeuza sindano, akalegeza uzi, akakanyaga. Cherehani ikaimba. Yule bwana akabaki mdomo wazi, kisha akainama kumsalimia kama anasalimia mkubwa wake.

Tangu siku hiyo, wakitoka hospitali mchana, mama mdogo alikalishwa kwenye kochi na Bi Pindo akashona foronya za mito ya makochi. Jina la yule bwana lilimshinda kulitamka, akamwita Makochi. Makochi naye alimwita jina fulani la kwao ambalo mpaka leo hatujui maana yake. Siku ya kwanza walijaribu kuzifanya simu zitafsiri. Zikatoa habari za ng'ombe na kodi ya nyumba, wakazizima. Wakawa wanaongea tu, kila mtu chake. Makochi atamsimulia kitu, huenda habari za wateja wasumbufu, na Bi Pindo atasema, “Ndiyo hao hao, hata kwetu wapo.” Na mgongo ukimuuma kwa kukalia kreti, atajishika kiuno, “Mgongo wangu mie jamani!” Makochi ataacha nyundo kumwangalia.

Kumbe yote yale, halafu kikaratasi!

Chumbani alimpigia shoga yake aliyemwachia duka.

“Shoga, yamenikuta tena.”

“Yapi?”

“Kikaratasi.”

Shoga alikuwepo miaka mitatu iliyopita, mchumba wa Bi Pindo alipoleta kikaratasi chenye namba tatu. “Vipimo vya dada yangu,” alisema. “Mshonee gauni jeupe, zuri, kama unajishonea mwenyewe.” Akashona, shanga moja moja. Jumamosi yake gauni likaingia harusini mwilini mwa mwanamke mwingine, na bwana harusi ni yule yule mchumba wake.

“Umemuuliza lakini?” shoga alisema.

“Nimemuuliza.”

“Akasemaje?”

“Nitajuaje? Kasema maneno ya kwao!”

“Ehee. Kwa hiyo umeuliza, umejibiwa, hujaelewa, na umeshanuna.”

“Wewe uko upande wa nani?”

“Upande wako, shoga. Ndiyo maana nakwambia ukweli. Huyu si yule.”

Bi Pindo alikata simu. Kesho yake bandeji zinatolewa, keshokutwa asubuhi wanasafiri. Akaanza kukunja nguo.

“Huyo mtu anakupenda,” mama mdogo alisema kitandani.

“Umejuaje na macho yamefungwa?”

“Ndiyo nimejua vizuri. Wiki tatu sina kazi ila kusikiliza. Akiongea na wateja, sauti inagonga kama nyundo yake. Ukiingia wewe, inashuka.”

“Na yule mwingine je, sauti yake haikuwa tamu?”

“Ilikuwa tamu kwa kila mtu, mwanangu. Tuliisikia wote tukanyamaza. Nisamehe.”

Bi Pindo akaacha kukunja. Miaka mitatu hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumwomba radhi kwa lile. Kabla hajasema kitu, mlango ukagongwa.

Alikuwa Makochi. Alisema kitu kwa nje, taratibu.

“Nenda zako,” Bi Pindo alisema, kaegemea mlango kwa ndani.

Makochi akaendelea, maneno mengi.

“Sikuelewi, na wewe hunielewi, basi acha niseme. Nimekupenda. Unasikia? Nimekupenda mimi mjinga, mtu ambaye hata jina lake siwezi kulitamka. Na ninaogopa. Nikikusikiliza nitakuamini, na nikikuamini nitakushonea harusi yako kama nilivyomshonea mwenzako.”

Makochi akasema neno moja, fupi, la kuuliza. Kisha hatua zikashuka ngazi.

“Umeisikia hiyo sauti?” mama mdogo aliuliza.

“Nimeisikia,” alisema, akajifuta machozi kwa gauni alilokuwa ameshalikunja.

Kesho yake daktari akafungua bandeji. Mama mdogo akapepesa macho, akamwangalia mpwa wake muda mrefu.

“Umekonda.”

“Mama mdogo! Kiuno changu hiki?”

“Uso ndio umekonda. Haya, twende nikamwone huyo Makochi. Siwezi kukaa kwenye kochi la mtu wiki tatu halafu niondoke bila kuaga. Hatukulelewa hivyo.”

Bi Pindo aliingia karakana nyuma ya mama mdogo, macho chini. Makochi aliinuka haraka hata akaangusha kopo la gundi. Hakuwa amenyoa. Mama mdogo akamshika mikono yote miwili, akamkagua juu mpaka chini bila haya.

“Nilidhani mrefu zaidi,” alisema. “Lakini anafaa.”

Kisha akageuka. “Na hiki kiti kizuri hivi cha nani? Mbona hakina mikono?”

Bi Pindo akainua macho. Kilikuwa kiti cha mbao, mgongo umepinda kwa ndani pale kiuno kinapoegemea, kimevikwa mahameli ya kijani. Hakina mikono. Kiti kisicho na mikono ni cha mtu anayeshona, maana viwiko vinataka nafasi.

Bi Pindo akaivuta futi ya kupimia shingoni. Kipande cha mgongo: thelathini na sita. Kikalio: ishirini na saba. Utepe wa ukingo: thelathini na nane.

“Mungu wangu,” alinong'ona.

“Nini?”

“Mama mdogo... ni kiti.”

“Naona ni kiti, macho yamepona.”

“Yule mwanamke. Mwenye kiuno. Ni kiti!”

Mama mdogo alimwangalia, akaangalia kiti, akacheka mpaka daktari angemuona angemkataza. Bi Pindo alitamani ardhi ipasuke. Makochi alicheka kidogo kwa adabu tu, hajui kinachochekwa, kisha akamwonyesha kiti kwa kiganja. Kaa.

Akakaa. Mgongo wake ukaingia pale palipopinda, na maumivu ya wiki tatu yakatulia.

“Asante,” alisema, machozi yanamtoka. “Asante sana. Lakini sitaweza kusafiri nacho. Kikubwa.” Akaonyesha kiti, akaonyesha mlango, akatikisa kichwa.

Makochi naye akatikisa kichwa, kwa nguvu zaidi. Akamwinua taratibu, akakibeba kiti mpaka dirishani, kwenye mwanga mzuri, akakiweka mbele ya cherehani. Akarudi nyuma akasubiri.

“Hajakupa mzigo, mwanangu,” mama mdogo alisema polepole. “Amekupa nafasi.”

Bi Pindo alimwangalia mama mdogo, akakumbuka safari, dawa, duka. Akafungua pochi yake, akatoa mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akauweka juu ya kiti kile. Fundi nguo hakuazimi mkasi wake hata ukilia. Makochi, fundi mwenzake, alilijua hilo. Akaushika ule mkasi kwa mikono miwili. Mama mdogo akaonyesha kidole cha pete, akamwandikia namba ya simu na anwani, akampiga begani kama mkwe tayari.

Miezi miwili, kila Jumapili, simu ya Bi Pindo ilileta picha bila maneno: kiti dirishani, kitupu, mkasi juu yake. Naye alimjibu kwa ujumbe wa sauti, akamsimulia wiki nzima. Shoga akisikiliza alikuwa akisema, “Mwenzangu, mnaongea kuliko mimi na mume wangu.”

Mwezi wa tatu Makochi akashuka mlangoni kwao, suti imembana mabega, kuja kuomba mke. Mkalimani wa hospitali alipigiwa simu, spika ikawekwa mezani, na mjomba wake Bi Pindo akakohoa.

“Mwulize, ataishije na mtu asiyeelewana naye?”

Mkalimani akauliza. Makochi akaongea kwa muda, sauti imeshuka.

“Anasema,” ilisema simu, “siku moja mchumba wake alimfokea sana. Hakuelewa hata neno. Lakini alielewa kwamba kuna mahali amemuumiza, na usiku ule hakulala, alitafuta amekosea wapi. Anasema mpaka leo hajui. Kabla hamjampa jibu, anaomba aambiwe kosa lake, asije akalirudia.”

Chumba kizima kikamgeukia Bi Pindo. Mama mdogo alijificha uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

“Mjibu mwenzio,” mjomba alisema.

Bi Pindo alisimama mbele ya wazee wote, uso unawaka.

“Mwambie...” alisema kwenye simu. “Mwambie hakukosea. Nilikionea wivu kiti.”

Mkalimani akauliza, “Samahani, mama. Umesema kiti?”

“Kiti! Mwambie hivyo hivyo. Mwambie niliona vipimo vyake nikadhani ni mwanamke, kwa sababu nilishaumizwa na kikaratasi kama kile. Na mwambie anisamehe.”

Mkalimani akatafsiri, anajitahidi kuzuia kicheko. Makochi alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliinuka, akavuka chumba, akamshika Bi Pindo mkono mbele ya wakwe, akasema maneno machache.

“Anasema nini?” mjomba aliuliza. “Wewe mkalimani, anasema nini?”

“Acha, mjomba,” Bi Pindo alisema. “Hilo nimelielewa.”