Jumatatu Haifanani na Ijumaa

Kila asubuhi mama hufungua bomba la jikoni kabla hajasalimia mtu. Huyaacha maji yatiririke mkononi, huyanusa, huyatazama ndani ya glasi, ndipo aseme, "Haya, mmeamkaje?" Baba humtania, "Mhandisi, hayo maji yamekukosea nini?" Mama hucheka, lakini cheko lenyewe huishia mdomoni. Hata tukienda kumtembelea shangazi, hajaketi bado, tayari yuko kwenye sinki. Nilikuwa naona aibu, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama alianza kazi ya maji kwa kusoma mita nyumba hadi nyumba, akifukuzwa na mbwa. Baadaye akahamishiwa maabara ya mtambo wa maji. Akarudi chuoni akiwa mtu mzima, akakaa dawati moja na vijana waliomwita "mama mdogo," akatoka mhandisi. Jumamosi hushona, na anajua kushona kwelikweli! Nguo zangu zote kanishonea yeye, za kila rangi isipokuwa njano. Nikiomba ya njano husema, "Hiyo hapana," kisha cherehani hukimbia kama inafukuzwa. Sikujua kwa nini.

Shuleni nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya afya. Usinicheke, cheo ni cheo. Kila asubuhi nilipima maji ya tangi la shule. Unakinga maji kwenye kichupa, unatia kidonge, unasubiri. Kama dawa ya kuua vijidudu imo, maji hugeuka rangi ya waridi. Unalinganisha rangi hiyo na ile ya kadi, unaandika namba daftarini. Maji yasipogeuka rangi, unamwambia mwalimu mara moja na bomba linafungwa.

Sasa, karibu kila siku namba ilikuwa sifuri nukta tano, yaani maji salama. Wenzangu wanaruka kamba, mimi nimechuchumaa kwenye tope nangoja maji yageuke waridi! Nikachoka. Alhamisi moja nikaandika sifuri nukta tano bila kupima. Ijumaa nikaandika tena. Jumatatu pia. Hakuna aliyejua, na kamba niliiruka mpaka miguu ikaniuma.

Jumatatu hiyo, niliporudi nyumbani, mama alikagua kazi zangu za shule. Akalifungua daftari la maji, akalitazama kwa muda mrefu.

"Wikendi tangi lilijazwa?"

"Hapana, mama. Shule ilikuwa imefungwa."

"Basi namba ya leo imetoka wapi?"

"Nimepima."

"Mwanangu, dawa ya maji haikai. Maji yakilala siku mbili, yenyewe inapungua. Jumatatu haiwezi kufanana na Ijumaa."

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Alilifunga daftari polepole, na hilo lilinitisha kuliko fimbo.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Niko maabara. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha vibaya, sikutaka kutoka kwenda kukinga maji. Nikaandika namba ya jana. Kumbe pampu ya dawa ilikuwa imezimika! Wiki ile zahanati ilijaa. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Kulikuwa na mtoto wa kike, miaka minne, kavaa sweta la njano, kalazwa kwenye benchi. Hakupona."

"Ulisema ukweli, mama?"

"Nilisema siku ya tisa. Wakanisimamisha kazi, na walikuwa na haki. Lakini siku tisa, mwanangu! Ningesema mapema, pengine angepona. Mtoto yule ninaye mpaka leo. Namwona sokoni, namwona barabarani. Nikifungua bomba, yupo."

Ndipo nikakumbuka kwamba siku hiyo watoto wawili wa darasa la kwanza hawakuja shuleni. Tumbo, dada yao alisema.

"Mama, sikupima. Siku tatu." Nikaangua kilio.

"Utalia baadaye," alisema. "Vaa viatu."

Tulikwenda shuleni karibu tunakimbia. Nikakinga maji, nikatia kidonge, tukasubiri. Niliyaomba maji yale yageuke waridi, hata kidogo tu, jamani. Hayakubadilika. Mama akaifunga koki ya tangi, akampigia simu mwalimu mkuu, kisha akanipa simu. "Sema wewe." Nikasema yote.

Mwalimu mkuu alituma watu kwa wazazi jioni ileile, na wale watoto wawili, ndugu, wakapelekwa zahanati. Tangi lilioshwa, likajazwa upya na kutiwa dawa. Siku mbili nzima sikuweza kumeza chakula. Jumatano daktari akasema wako salama.

Nilikwenda na mama kuomba radhi. Mama yao alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akafunga mlango. Nilidhani mama yangu atanitetea. Hakunitetea.

"Ana haki yake," alisema tulipokuwa tukirudi. "Nisikilize sasa. Namba mbaya ya kweli inafunga bomba, watu wanapona. Namba nzuri ya uongo inaliacha wazi. Ukishindwa kupima, andika kwamba hukupima. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje kama mimi."

"Na yule mtoto, mama? Utamsahau lini?"

"Simsahau." Akanishika mkono, akaubana. "Lakini wa kwako wamepona. Kesho kapime, halafu usimame pale uwaone wakinywa."