Kichupa Kilicholazwa kwenye Friza

Mtafiti yule, aliyezoea kubandika maelekezo juu ya kila chupa maabarani, hakugundua kwamba siku alipoulizwa swali moja kwa simu alijibu nusu.

Yeye na karani wa mizigo walikutana kwenye ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege, katikati ya foleni na kelele za matoroli. Gauni la mtafiti la samawati lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Karani alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi.

"Dada, kiboksi hiki ndicho kinachokukosesha raha?"

"Kina kichupa cha kimeng'enya, kaka. Protini iliyosafishwa, inayovunja sukari ndani ya seli. Bila hiyo sina utafiti."

"Kumbe mwenye sukari ni wewe! Niachie namba, usije ukapotea."

Alicheka, akaiandika.

Mapenzi yakanoga. Kiboksi cha pili kilipofika, mtafiti alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake.

"Daktari wangu, mzigo umeingia. Niulaze wapi?" karani alimuuliza kwa simu.

"Penye baridi, mpenzi. Nitaufuata kesho."

Karani akaulaza kwenye friza, kwa mapenzi yote. Lakini kimeng'enya kile hutunzwa kwenye jokofu la kawaida; kikiganda, kimeharibika. Mtafiti alipokipokea, barafu ilikuwa imeshayeyuka.

Majaribio yakagoma, moja baada ya jingine. Profesa aliyemsimamia akaanza kuitilia shaka mikono ya mtafiti, na nafasi yake ya masomo ikayumba. Wakila chakula cha mchana, alimweleza mpenzi wake, naye akashangaa kwa dhati.

"Hata baada ya kukigandisha vizuri vile? Kilikuwa jiwe!"

Kijiko kikamponyoka. "Umekigandisha?"

"Si ulisema penye baridi?"

"Mwenye akili angesoma kibandiko! Lakini nitegemee nini kwa mbeba maboksi?"

Karani alifuta midomo, akainuka, akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu zake.

Ndipo mtafiti alipokitoa kiboksi kile, akakigeuzageuza. Kibandiko kilikuwa ndani, chini ya utepe alioukata mwenyewe. Nje hapakuwa na neno. Alimweleza profesa ukweli, akasamehewa upesi. Kisha akaenda ukumbini, akapanga foleni.

"Kosa la kichupa lilikuwa langu," alisema alipofika kaunta. "La pili ndilo linalonitesa."

"Kichupa utaagiza kingine," karani alijibu, macho kwenye karatasi. "Lile neno ulikuwa nalo siku zote, au ulilipata siku ile?"

Wenzake walijifanya wanapanga maboksi.

"Nilikuwa nalo," mtafiti alisema. "Sitaki kuzeeka nalo. Nataka kuzeeka na wewe."

Karani aliiweka karatasi chini. "Angalau hujanidanganya. Kaa pale, mama watoto wangu. Zamu inaisha sasa hivi."

Walioana. Lakini karani hakushika tena mzigo wa maabara; ulipoingia, alimwita mwenzake aushughulikie.