Mwandani Asiyekataa

Jumamosi alasiri ukumbi wa gemu wa Donholm ulikuwa umefurika vijana waliogombania mpira wa skrini, na kelele zao zilitosha kung'oa mabati. Kwenye kona alikaa Nthoki, raba nyeupe miguuni, kilemba cha manjano kichwani, uso umekunjwa. Stima ilikuwa imepotea kwake Makadara, na yeye hakuwa mtu wa kuacha safari njiani.

Alipenda gemu za safari, zile ambazo mchezaji hugeuka shujaa katika nchi ya kubuni na kupewa mwandani wa kumsaidia vitani. Alizipenda kama mtu anavyompenda ndugu mlevi. Siku hiyo mwandani wake, pande la mtu lenye upanga, alikuwa amesimama mlangoni mwa pango na kukataa kusogea, huku mbwamwitu wakimrarua Nthoki kwa nyuma.

"Sokoni Muthurwa hata mkokoteni hukupigia kelele kabla ya kukuziba njia," alisema, akiiambia skrini. "Huyu ameundwa na wasomi mia, na hajui mlango ni wa nini."

"Pengine anakulinda," sauti ikasema nyuma yake.

"Ananilinda nisitoke?"

Mwenye sauti alikuwa mrefu, shati lake la batiki limepigwa pasi vizuri, mkono mmoja wa miwani yake umeungwa kwa gundi. Alijitambulisha kuwa Obonyo, kisha akafanya kosa la kusema kwamba kuunda gemu za aina hiyo ndiyo kazi yake. Nthoki alisimamisha mchezo. Kazi yake yeye ilikuwa kuchunguza madai ya ajali katika kampuni ya bima, na alimtazama Obonyo kama alivyowatazama wanaoleta picha za magari yasiyo na nambari.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Si mimi. Yetu bado haijatoka."

"Ikitoka, mlango utapitika?"

"Nitajaribu, madam."

"Usijaribu. Pima mlango, halafu upime mtu."

Obonyo akatoa kalamu, akaandika kiganjani: mlango, mtu. Ndipo Nthoki akampa nambari ya simu.

Simu zao za jioni zikawa mashtaka. Nthoki alishtaki, Obonyo akatetea, na mara nyingi alishindwa. Nthoki alimweleza kuhusu askari wa gemu anayemwona mwenzake akiuawa, akapekua vichaka kidogo, kisha akarudi kupiga mluzi juu ya maiti. Alimweleza kuhusu mchuuzi ambaye kijiji chake kimeteketea, naye amesimama majivuni akiuliza mteja angependa nini leo. Sasa, alisema, wamewatia wanakijiji akili bandia ili waongee bila kikomo, na hakuna hata mmoja mwenye la kusema. Mwulize muuza samaki kuhusu vita. Atakuhutubia mpaka samaki waoze, kisha akupongeze kwa swali zuri. Lakini alichokidharau zaidi ni mapenzi yao. Mpe mwandani zawadi tatu, muziki utalia naye atakupenda, hata kama ulimuua kakake kati ya ile ya pili na ile ya tatu.

"Mimi nimekuletea mbili," Obonyo alisema. "Hii ya tatu niipeleke wapi, jaber, mrembo wangu?"

"Ilete. Usitarajie muziki."

Alimkatalia mengi. Alikataa kufuatwa kazini jioni, alikataa sinema, alikataa shati la maua ambalo Obonyo aliliona la kupendeza. Obonyo alicheka na kusema kwamba hatimaye amepata mtu wa kumshinda. Nthoki hakuyategemea maneno hayo. Alitegemea kwamba kila Jumamosi mtu huyo alikuja, na alikuja kwa wakati.

Gemu ya kampuni ya Obonyo ikazinduliwa katika ukumbi wa kanisa, papo hapo Donholm. Nthoki alivaa gauni la kijani kibichi na herini za shaba. Mwenye kampuni, Wakoli, aliyevaa suti inayong'aa kuliko taa za jukwaa, alimwongoza mwenyewe hadi kwenye kiti cha mbele.

Mwandani wa gemu hiyo aliitwa Nduku. Alikuwa na kilemba cha manjano na mwanya, na alipofikiri alishika kiuno kwa mkono wa kushoto. Watu waliitazama skrini, wakamtazama Nthoki, wakapiga miluzi. Moyo wake, lazima isemwe, uliruka. Kisha akaanza kucheza, na yeye hakujua kucheza bila kuchunguza.

"Nduku," alisema kwenye kipaza sauti, "nimechoma kijiji chenu."

"Umefanya vyema, shujaa wangu," Nduku akajibu. "Busara yako haina mfano."

"Mama yako alikuwa ndani."

"Ninakuelewa. Uamuzi mgumu huhitaji moyo mkubwa."

Watu wakacheka. Nthoki akamsukuma Nduku mtoni. Nduku akaibuka akiwa mkavu, akashukuru kwa safari nzuri.

Wakoli alieleza kwa fahari kwamba mchezaji hanunui gemu ili akataliwe. Nthoki alimwacha katikati ya sentensi, akamkuta Obonyo kando ya meza ya soda.

"Umechukua uso wangu, ukang'oa ulimi."

"Alikuwa na ulimi, jaber. Waliomjaribu walikasirika kila alipowakatalia."

"Na mimi ninapokukatalia, wewe hukasiriki?"

Obonyo alifungua mdomo, akaufunga. Nthoki aliuhesabu ukimya huo kuwa ungamo, akachukua mkoba wake na kuondoka.

Hakupokea simu zake. Jumbe zikafuata. Uko sahihi, jaber. Kila ulichosema ni kweli. Mimi si kitu mbele yako. Nthoki alizisoma akiwa kwenye kochi, na kila moja ilimshusha Obonyo ngazi moja. Alijibu mara moja tu: Unaongea kama Nduku.

Simu ikanyamaza. Nthoki alitarajia utulivu; hakuupata. Jumamosi alikwenda ukumbini, akakaa kwenye kona yake, akaondoka bila kugusa mchezo. Alitafuta ushahidi kwamba moyo wake ulikuwa salama, hakuuona, na hakuwa mtu wa kuughushi.

Jumapili moja baada ya ibada, Nthoki akiwa na leso kiunoni na chungu cha muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, jikoni, geti liligongwa. Alikuwa Obonyo, shati halijapigwa pasi. Hakusalimia.

"Nimechoka kukubaliana nawe," alisema. "Ulikosea."

"Wapi?"

"Ulinihukumu bila kuuliza. Dai la ajali likija mezani kwako, huulizi nani alikuwa kwenye usukani? Mimi niliandika Nduku anayekataa. Ukimdhulumu, anafunga mizigo anaenda. Wakoli akayafuta yote. Kosa langu ni kwamba nilitumia uso wako bila kukuuliza, na yalipofutwa nikanyamaza, nikakualika uje ufurahi. Hilo nalikubali. Mengine siyakubali."

"Swali langu bado hujalijibu."

"Huwa nakasirika. Ukinikatalia nakasirika, siku nyingine hadi kesho yake. Halafu narudi, kwa sababu mara nyingi una haki. Na siku ambayo huna haki, nataka niwepo nikuambie."

Nthoki aliuliza, kwa sauti yake ya ofisini, kama uso wake bado umo kwenye gemu. Obonyo akasema la. Alikuwa amemwambia Wakoli autoe uso ule au aondoke yeye. Wakoli aliutoa uso, kisha akamtoa na yeye.

"Nataka kukuoa, Nthoki," aliongeza, kwa hasira ile ile, juu ya geti.

"Hapana."

Alimtazama. Uso wa Obonyo ulianguka wazi, na hakujitahidi kuuokota. Hakutabasamu, hakumsifu, hakusema anamwelewa.

"Imeniuma," akasema. "Sana."

Lakini hakuondoka. Akauliza kinachonukia jikoni ni nini, maana hakuwa amekula tangu jana. Nthoki akafungua geti.

Walikula, magoti karibu yagusane chini ya meza ndogo. Obonyo alitafuna, akaweka kijiko chini.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nthoki alionja. Ilikuwa imezidi kweli.

"Niulize tena," akamwambia.